Sababu ya Kuhama

Bi Thuwaiba alizikwa Jumatano, na mimi nilifika Kiponda siku ya hitma nikiwa nimechelewa, ukumbi umeshajaa wanawake na pa kuweka mguu hapaonekani. Nilivua viatu chini, nikazipanda ngazi zile za mbao zilizosimama kama ukuta, nikajibanza karibu na mlango wa jikoni, ambako harufu ya ubani ilikuwa imechanganyika na ya wali wa samli. Mwanamke mmoja aliyekaa mbele yangu, mgongo wake ukinigusa magoti, alimwinamia mwenzake akauliza kwa sauti aliyodhani ni ndogo, "Huyu si mke wa Nassor wa mwanzo? Yule mgeni wa Mombasa?" Mwenzake akajibu, "Ndiye. Yupo Chukwani, ana skuli ya watoto." "Mbona hakurudi kwao?" "Mwulize mwenyewe." Wakaendelea kusoma. Nina umri wa kuitwa bibi sasa, nimesomesha watoto wa nusu ya ukumbi ule, na uraia nilishaupata zamani, lakini uso uliniwaka kama mtu aliyekutwa amejificha nyuma ya pazia la watu. Niliuleta msahafu karibu na macho mpaka dua ikaisha.

Njiani kurudi nyumbani nilijiuliza aibu ile imetoka wapi baada ya miaka yote hii. Mwaka wenyewe wa ndoa ulikuwa mmoja tu, tena haukutimia vizuri. Habari za kwetu, nani kanizaa na harusi ilikuwaje, nitaziacha. Hazina la ajabu. Nitaanza na chumba.

Kilikuwa juu kabisa ya nyumba ile ya Kiponda, chumba kirefu chenye kitanda cha besera, kile cha nguzo nne, na kabati la vioo ambalo mlango wake mmoja haukufunga. Dirisha lilitazamana na dirisha la jirani kwa ukaribu wa kuweza kupeana chumvi. Nyumba ilikuwa ya Bi Thuwaiba, mama yake Nassor, mjane mrefu, mweupe, wa ukoo uliowahi kuwa na mashamba ya karafuu. Siku zile kilichobaki kilikuwa nyumba ile na nyingine ndogo ya kupangisha kule Chukwani. Yeye ndiye aliyeniona kwenye harusi ya watu huko Mombasa, na yeye ndiye aliyeleta posa. Nassor alikuwa na duka la vitambaa mjini. Alikuwa mpole. Hakuwahi kunipandishia sauti, wala hakuwahi kuniuliza kitu ambacho jibu lake lingemchukua zaidi ya kumaliza kikombe cha chai. Mimi niliuchukulia ukimya wake kuwa ni adabu ya watu wa mjini.

Wiki ya mwanzo alinipeleka ofisi ya uhamiaji. Tulikaa kwenye benchi pamoja na wazungu wawili waliochomwa na jua na mhandisi mmoja wa Kihindi, na nakumbuka nilijisogeza pembeni kidogo ili watu wasidhani nipo na wao. Sikujiona mgeni. Lugha niliyosema ndiyo hiyo hiyo, alfajiri tuliyoadhiniwa ndiyo hiyo hiyo, hata kanga nilizokuja nazo zilifanana na zilizokuwa zimeanikwa uani kwa Bi Thuwaiba. Afisa alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya taratibu. Aliuliza ninaishi wapi, Nassor akajibu. Akauliza nyumba ya nani, Nassor akajibu. Mwisho akanigeukia mimi mwenyewe. "Bi Rukia, kibali chako ni cha mke wa mtu, na anwani yako ndiyo hii ya mume. Ukihama, hata ukihamia nyumba ya pili, unakuja kutuarifu. Unaleta barua ya sheha, mkuu wa mtaa, wa unakotoka na ya sheha wa unakokwenda. Umenifahamu?" Nikasema, "Naam," huku nikitabasamu. Nilikuwa bibi harusi wa siku nne tano. Nihamie wapi?

Basi nikajifunza kuwa mtu wa hapo. Nikisema "yeo" au "ndoo", wanawake wa nyumbani walicheka, si kwa ubaya, na mimi nikajizoesha kusema "leo" na "njoo" mpaka ulimi ukazoea. Nilijua samaki wa saa ngapi ni wabichi sokoni Darajani. Nilijua kuwa Bi Thuwaiba hapendi hiliki nyingi kwenye chai na kwamba Nassor anakula ngisi lakini si pweza. Miezi ilipita hivyo, na siku muuza mboga aliponiambia, "Nyie watu wa Kiponda mnapenda kupunguziwa," nilirudi nyumbani nikitembea kama niliyetunzwa. Nikikumbuka sasa mwendo wangu wa siku ile, nashindwa kumtazama yule msichana.

Jioni moja baada ya magharibi nilikuwa nashuka na sinia la vyombo. Mlango wa chumba cha Bi Thuwaiba ulikuwa haukurudishwa vizuri. Nilimsikia Nassor akisema, "Mama, wewe ndiye uliyemtaka, si mimi. Mimi nlikwambia nna mtu."

"Huyu ana kasoro gani? Nitajie moja."

"Hana. Ndiyo tabu yenyewe. Angekuwa nayo ningeshasema zamani." Kisha akasema polepole, "Nakaa naye kama nnavyokaa na mgeni wako, Mama. Namkirimu."

Gilasi zilianza kugongana juu ya sinia, nikakaa kwenye ngazi nikaliweka mapajani ili zitulie. Wengine niliowahi kuwasimulia huniuliza kama niliumia kusikia kuna mwanamke mwingine. Niliumia, lakini kilichonichoma zaidi kilikuwa kitu kidogo: miezi yote ile nilikuwa nikimpakulia mtu chakula, nikimtazama akila, nikijipongeza kuwa anashiba, kumbe alikuwa akila kwa adabu.

Haikupita wiki akaniacha. Alinipa talaka moja, akiwa amesimama karibu na lile kabati, na machozi yalimtoka yeye, si mimi. Jioni hiyo alichukua nguo zake akahamia chumba cha nyuma ya duka. Bi Thuwaiba alipanda juu akakaa ukingoni mwa kitanda, akahema kwanza, maana magoti yalishaanza kumsumbua. "Eda utakaa hapa hapa," akasema. "Hiyo haki yako, si hisani yangu. Hakuna wa kukutoa." Tangu siku hiyo ndiye aliyekuwa akiniletea chakula. Asubuhi alipanda na chai na mkate wa ajemi, mchana wali na mchuzi wa nazi, tukala pamoja mkekani, kila mmoja akijifanya ana njaa ili mwenzake ale. Dada yangu alipopiga simu kutoka Mombasa akauliza, "Shemeji hajambo?" nilimjibu, "Hajambo." Na kweli alikuwa hajambo. Niliwaona watu wa dirisha la jirani wakitazama kitanda changu kikitandikwa upande mmoja, nikaanza kufunga dirisha mchana, nikakaa na joto.

Katika joto lile nilikuwa nikimfikiria yule afisa. Mwanamke wa hapa akiachwa, jioni anachukua begi lake anarudi kwao, na majirani wanabaki kukisia mpaka wachoke. Mimi kuondoka kwangu kulikuwa na taratibu zake. Ningesimama mbele ya sheha wa Kiponda, ambaye alikula pilau ya harusi yangu, nimwambie nahama. Ningesimama mbele ya sheha mwingine nisiyemjua, nimwambie nimehamia kwake. Kisha benchi lile, kisha dirisha la afisa. Na kila pahala wangeuliza sababu. Leo mimi ndiye ninayewaeleza walimu wageni wa skuli yangu utaratibu huo, nawahimiza wasichelewe, na sioni ubaya wake. Nchi ina haki ya kujua nani analala wapi. Ila wakati ule niliona kama nimetakiwa nipite mjini nikilitangaza la chumbani kwangu, tena nilipeleke kwa miguu yangu mwenyewe.

Ndiyo maana nataka kueleza sawasawa yaliyotokea karibu na mwisho wa eda. Nassor alikuja. Alipanda mpaka juu, akasimama mlangoni bila kuingia; chini nilimsikia mama yake akikohoa kikohozi kisichokuwa cha kifua.

"Rukia, Mama kaniomba nikurejee."

"Wewe umesemaje?"

"Nimemwambia sawa." Alitazama sakafu. "Na mambo yako ya uhamiaji yatakuwa mepesi. Hutohama, hutokwenda popote kuandikisha. Kila kitu kitabaki kama kilivyo."

"Na huyo mtu wako?"

"Yeye nitamwoa. Hilo nshasema. Nitampangia nyumba Mwanakwerekwe, hutomwona."

Kisheria hakuhitaji idhini yangu. Neno lake moja kabla eda haijaisha lingetosha. Kuja kwake kuniambia kwanza ilikuwa ni uungwana, na mpaka leo sijamnyima hilo. Lakini lazima niseme nilichohisi. Nilifurahi. Si furaha ya kutakiwa, maana hata yeye hakudai kuwa ananitaka. Nilifurahi kwamba sitakwenda kwa sheha. Niliona benchi likitoweka, dirisha likitoweka, dada yangu akipiga simu nami nikimjibu vile vile, hajambo, mwaka hadi mwaka. Kwa muda ambao Nassor alisimama pale akigusagusa fremu ya mlango, nilikuwa tayari kukaa katika chumba kile mpaka nife, nikikirimiwa, ili nisiulizwe swali moja mbele za watu. Katika yote ya mwaka ule, yale niliyofanyiwa nimeshayazoea. Hili la kwangu mwenyewe sijalizoea.

Sijui nini kilinizuia. Labda ni lile neno "hutomwona", alilolisema kwa upole ule ule aliokuwa akisifia nao mchuzi wangu.

"Nassor," nikamwambia, "wewe hunitaki."

Aliondoa mkono kwenye fremu.

"Basi niache niende. Usinirejee kwa ajili ya Mama, wala kwa ajili ya kibali."

"Utakwenda wapi?"

"Sijui. Nitakapokwenda nitaandikisha."

Alilia tena. Nilitamani ashuke haraka kabla sijageuza maneno yangu. Aliposhuka, sikumsikia Bi Thuwaiba akisema naye hata neno moja, na siku kadhaa alinipandishia chakula akakiweka, akateremka. Nilidhani amekasirika. Kisha mchana mmoja akakaa, akaumega mkate, akasema bila kunitazama, "Ile nyumba ya Chukwani mpangaji anatoka. Vyumba viwili na uwa. Karibu na hapo pana skuli ya watoto wadogo, wanatafuta mwalimu, na mwenyewe amesema atashughulikia kibali. Wewe si ulisomea?" Nilisomea. Sikujua kama alikuwa anakumbuka.

Eda ilipokwisha nilivaa buibui nikamwambia naenda kwa sheha. Aliniambia ningoje. Akaingia ndani akatoka na buibui lake jeusi la kwendea misibani, akanishika mkono kwenye ngazi, na sikujua nani alikuwa akimshikilia mwenzake. Nilitaka kumwambia abaki. Niliona aibu ya kwenda peke yangu na niliona aibu zaidi ya kuonekana nimepelekwa na mkwe ambaye si mkwe tena.

Kwa sheha palikuwa na watu. Bwana mmoja alikuja kwa ajili ya mabomba ya maji, mwanamke mwingine alikuwa na mtoto mgongoni akitaka barua ya cheti cha kuzaliwa, na bi mkubwa wa nyumba ya nyuma yetu alikuwa amekaa tu. Sheha alikuwa mzee mchangamfu, na sikio lake moja halikusikia vyema, kwa hiyo alisema kwa sauti na kutaka watu nao waseme kwa sauti. Nilimwamkia, "Shikamoo," akajibu, "Marahaba, bibi harusi, karibu. Bi Thuwaiba, hujambo? Tuwasaidie nini?"

"Nahama," nikasema.

"Mnahama? Nassor anahama?"

"Mimi nahama. Nakwenda Chukwani. Nataka barua ya uhamiaji."

Alivuta karatasi, akaandika jina langu, akaniuliza lilivyo katika pasipoti, akaandika. Kisha akaelekeza lile sikio zima upande wangu. "Sababu ya kuhama?"

Nilikuwa nimejitayarishia maneno. Nilipanga kusema "mambo ya kifamilia". Hayakutoka. Yule bwana wa mabomba aliinamisha macho kwenye viatu vyake, na heshima yake ile ndiyo iliyonimaliza. "Nimeachwa," nikasema, na sauti yangu haikufika.

"Naam?"

"Nimeachwa."

Kalamu ya sheha ilisimama. Nilisikia buibui la Bi Thuwaiba likisugua kiti alipojisogeza mbele. "Andika," akamwambia sheha kwa sauti ambayo ingefika barabarani. "Mwanangu kamwacha, na hakukosa kitu. Na mimi ndiye niliyemtoa kwao nikamleta. Hilo nalo liandike ukitaka."

Sheha hakuliandika. Aliandika sababu za kifamilia, akagonga muhuri, akatutakia kheri. Watu wamenisimulia kisa hiki wakimsifu Bi Thuwaiba, kwamba mtu wa daraja yake alijivua heshima hadharani kwa ajili ya mkwe. Ni kweli alijivua. Lakini mimi pale kwenye kiti nilitamani anyamaze. Nilihisi kama nguo yangu imeanguka na yeye, kwa kunistiri, ameiokota akaiinua juu watu wote waione.

Uhamiaji tulikwenda siku nyingine, tukiwa na barua zote mbili. Afisa alikuwa yule yule. Mbele yetu kwenye foleni alikuwa mzungu mmoja, mwanamke wa makamo, amefunga kilemba cha kitenge, na alipofika dirishani alisema Kiswahili chake kwa sauti ya sokoni: "Mimi na mume basi. Tumeachana. Yeye Nungwi, mimi sasa nakaa Jambiani." Afisa akaandika, mzungu akasema asante sana, akaondoka akiwa anatafuta funguo za gari kwenye mkoba. Nilimtazama mpaka alipotoka mlangoni. Lugha ilikuwa yangu, na yeye alikuwa ameokota ndani yake neno ambalo mimi sikuwahi kufikiri ningeweza kulitumia. Tumeachana. Kana kwamba watu wawili waliteremka kwenye gari moja, kila mtu akashika njia yake.

Zamu yangu ilipofika nilipitisha barua. Afisa alizisoma, akanitazama, akamtazama Bi Thuwaiba aliyekuwa amesimama nyuma yangu. Hakuuliza sababu. Alinieleza kwa utulivu kuwa kile kibali cha mke hakitaendelea, kwamba skuli ilete maombi yake mapema, na kwamba kuna atakayefika Chukwani kuithibitisha nyumba. Kisha akashusha sauti. "Bi Rukia, wengi hawaji. Tunawakuta miaka mingi baadaye, na inakuwa tabu kwao. Umefanya vizuri." Alisema nami vyema, na mimi nikalia pale dirishani, watu wakitazama, jambo ambalo sikulifanya hata siku ya talaka.

Chukwani sikuwa na kitu. Mkeka, godoro, sufuria mbili na jiko la mkaa. Nilianza kazi, watoto wakaniita mwalimu, na hakuna aliyeniita bibi harusi tena. Ijumaa ya mwanzo Bi Thuwaiba alikuja na mto wa kulalia kwapani, kama mtu anayepeleka kuku. Nilikuwa nimepika mahamri na mbaazi za nazi, vya kwetu, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kunicheka. Alikula mahamri matatu kabla hajasema neno. Kisha akafuta vidole.

"Nilikuona kwenye ile harusi ukiwapa watu maji ya kunawa," akasema. "Nikasema, huyu ndiye nnayetaka nizeeke naye. Huyo mwanangu sikumwuliza. Nilikutaka wewe nikamvisha yeye." Alinitazama. "Nisamehe."

Mtu mzima akikuomba radhi namna hiyo, mkekani kwako, unakosa pa kuweka macho. Na mimi nilikuwa na langu, ambalo sikuwahi kumwambia mtu. "Mama," nikasema, "mimi nami nilikubali posa kwa ajili yako. Ulipokuja nyumbani ukakaa jikoni na sisi, nikakupenda. Yeye sikumtazama vizuri."

Niliona maneno yakimwingia taratibu. Sote wawili tuliinama, kama watu waliovunja kitu cha mwenyewe na mwenyewe hayupo.

"Kumbe tumemwonea Nassor," akasema mwisho.

Alianza kucheka yeye, akajaribu kujizuia kwa upindo wa kanga, nikashindwa na mimi, tukacheka mpaka akashika magoti yake. Haikuwa furaha. Uso ulikuwa ukiniwaka wakati nacheka, na wa kwake ulikuwa mwekundu. Tulipotulia alisema hana nguvu ya kurudi mjini, akaweka mto wake kwenye mkeka, akaniuliza, "Sheha wako wa huku hatonidai barua?"

"Ukilala leo ni mgeni tu. Ukizidi, itabidi niende nikaseme."

"Basi kaseme," akajibu, akageukia ukutani.

Alikuwa bado amelala alasiri simu ilipolia. Alikuwa Nassor. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti yake tangu nitoke Kiponda. Aliniamkia kwa heshima, akauliza kama mama yake yupo kwangu, maana nyumbani hayupo na hakuaga. Nikamwambia yupo.

"Anafanya nini?"

Nilimtazama. Alikuwa amelala na mdomo wazi kidogo, mkono mmoja juu ya sinia la mbaazi.

"Kalala," nikamwambia.

"Mwache alale," akasema. Nikakata simu, nikauinua ule mkono kutoka kwenye sinia, nikaenda kuosha vyombo.